Baka Lako Lina Mengi ya Kusema Kabla ya Maabara

"Daktari, naomba nipimwe damu." Wengi wanaoingia katika chumba changu cha magonjwa ya ngozi hapa Moshi huanza na ombi hilo, nami nawaelewa, maana sukari hupimwa kwa damu na malaria vilevile. Lakini mashilingi, yale mabaka ya fangasi, hayaonekani kwenye damu, wala upele. Tulivyofundishwa katika kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kilichoanza mwaka 1992, kazi huanza kwa jicho na kidole. Maabara hufuata, tena ikiwa na swali mahususi la kujibu.

Kwanza namsogeza mgonjwa dirishani, kwenye mwanga wa jua. Vitabu vingi vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, vikasema ngozi iliyowaka huwa nyekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu huo huonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea. Kwa hiyo sitegemei rangi peke yake. Napapasa. Baka limelala sawasawa na ngozi au limeinuka? Lina magamba? Lengelenge lina maji au usaha? Muwasho unaozidi usiku, vipele katikati ya vidole na viganjani, na watoto nyumbani nao wanajikuna: huo ni upele, na nyumba nzima itibiwe siku moja.

Mashilingi huwa na ukingo ulioinuka wenye magamba, huku katikati pakianza kupona. Nakwangua pale ukingoni, kwa sababu ndipo fangasi walipo hai, kisha unga ule unatiwa tone la potasiamu haidroksaidi linaloyeyusha seli za ngozi ili nyuzi za fangasi zionekane kwenye hadubini. Ni kipimo rahisi na cha haraka. Kinachokiharibu ni krimu zenye steroidi zinazouzwa kiholela. Muwasho hutulia, ukingo hupotea, fangasi huzidi kutambaa. Linanisikitisha sana jambo hili, kwa kuwa mgonjwa ametumia fedha zake kuuficha ugonjwa uliokuwa wazi.

Baka lililopauka ndilo ninalolipa muda mrefu zaidi. Likiwa jeupe kama maziwa na bado linahisi mguso, nafikiria vitiligo. Likiwa limefifia tu, kavu, halitoi jasho, nachukua uzi wa pamba. "Fumba macho, mama. Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole." Akishindwa kuonyesha nilipogusa ndani ya baka, na nje anaonyesha vizuri, huo ni ukoma mpaka ithibitike vinginevyo. Napapasa mishipa ya fahamu kiwikoni na shingoni kama imenenepa. Tunaweza kuchanja kidogo ndewe ya sikio na kutafuta bakteria, ila majibu yakisema hawapo, ukoma haujafutwa. Wagonjwa wenye mabaka machache mara nyingi hawana bakteria wa kuonekana. Pamba ile huamua zaidi. Dawa zake ni bure, na zikianza mapema mkono haulemai.

Doa jeusi linalokua kwenye unyayo au chini ya ukucha halisubiri. Hapo tunakata kinyama chini ya ganzi, kikapimwe saratani.

Ukija kutuona, njoo na kila tyubu uliyopaka, hata kama lebo yake imefutika.