Handeni, Korogwe: Nani ana mamlaka ya kumweka mwananchi ndani?

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

MWANANCHI wa kijijini anayetuhumiwa kwa kosa dogo, iwe ni kuingiza mifugo katika shamba la jirani au kukaidi sheria ndogo ya usafi, mara nyingi haanzi kukutana na polisi wala hakimu. Huanza kukutana na mgambo aliyetumwa na Ofisa Mtendaji wa Kijiji, na mahali pa kwanza anapofikishwa ni ofisi ya kijiji au ya kata.

Kuanzia hapo huzuka swali ambalo wengi hawalijui jibu lake: mgambo, mtendaji na Mkuu wa Wilaya wana mamlaka kiasi gani juu ya uhuru wa mtu, na mamlaka hayo yanaishia wapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mtu atalala nyumbani kwake au mahabusu.

Wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga, zinazounganishwa na barabara ya kilometa 65, zina wakuu wa wilaya wawili na halmashauri nne: mbili za wilaya na mbili za miji. Wananchi huwachagua madiwani, nao hutunga sheria ndogo za ushuru, usafi, mifugo na hifadhi ya mazingira, ambazo huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa. Sheria ndogo za vijiji huidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Aidha, Ibara ya 146 ya Katiba inazitaja serikali za mitaa kuwa na jukumu la kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Hata hivyo, vyombo vyenyewe vya kutoa haki ya jinai havikugatuliwa.

Mkuu wa Polisi wa Wilaya hawajibiki kwa madiwani, bali kwa Kamanda wa Mkoa na hatimaye kwa Inspekta Jenerali. Magereza yako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mashitaka yako mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye ofisi yake ilipewa sheria yake mwaka 2008 ili kazi ya kupeleleza itenganishwe na kazi ya kushitaki. Mahakama ni mhimili unaojitegemea, na rufaa kutoka Mahakama za Wilaya za Handeni na Korogwe husikilizwa na Mahakama Kuu, Kanda ya Tanga.

Mgawanyo huu una historia ndefu. Enzi za Wajerumani, akida alikusanya kodi na yeye huyo huyo akasikiliza mashauri. Waingereza nao, kuanzia miaka ya 1920, waliwapa machifu mamlaka ya utawala pamoja na mahakama za wenyeji. Mwaliwa na mlalamikiwa wakawa mbele ya mtu mmoja: aliyeamuru ndiye aliyehukumu.

Mwaka 1963 Serikali huru ilifuta mamlaka ya machifu, na sheria ya mwaka huo ikaziweka mahakama za ngazi ya chini ndani ya mfumo mmoja wa Mahakama. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 na kurejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Ziliporudi, zilirudi na ushuru na sheria ndogo, lakini hazikurudishiwa kiti cha hakimu.

Mahali mpaka huu unapofifia ni kijijini. Sheria ya mwaka 1975 inawapa mgambo uwezo wa kukamata, lakini kukamata si kuhukumu. Pale sheria ndogo inaporuhusu, anayekiri kosa kwa maandishi anaweza kutozwa faini bila kwenda mahakamani. Asiyekiri ana haki ya kufikishwa mahakamani, kwa kuwa mtendaji hana uwezo wa kumtia mtu hatiani.

Chukua mfano wa mkulima anayedaiwa mchango wa ujenzi wa zahanati. Kama hakuna sheria ndogo iliyoidhinishwa inayofanya kutochangia kuwa kosa, mkulima huyo hana kosa la jinai. Kumfungia katika chumba cha ofisi ya kijiji mpaka ndugu zake walete fedha ni kumnyima uhuru kinyume cha Ibara ya 15 ya Katiba.

Wenye umri mkubwa watakumbuka kodi ya maendeleo, iliyowafanya watu kukimbilia porini mgambo walipopita. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, lakini mazoea ya kudai fedha kwa kutishia kuweka watu ndani hayafutwi kwa tangazo la bajeti.

Ngazi ya juu yake yupo Mkuu wa Wilaya, ambaye huteuliwa na Rais. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa kwa muda usiozidi saa 48, ikiwa ametenda kosa la jinai au kuna sababu ya kuamini kuwa atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Sababu ziandikwe, na mtu huyo afikishwe mahakamani au aachiwe. Sheria hiyo haikukusudiwa kwa mtumishi aliyechelewa kikaoni wala mwananchi aliyeuliza swali kali mkutanoni.

Mkuu wa Wilaya huyo huyo, kwa Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011, ni mwenyekiti wa kamati ya maadili ya maofisa wa Mahakama wilayani. Kwa maana hiyo, hakimu anayepaswa kupima uhalali wa amri yake ndiye pia ambaye malalamiko dhidi yake hupitia katika kamati anayoiongoza. Hapo ndipo uhuru wa Mahakama unaotajwa katika Ibara ya 107B unapohitaji ulinzi wa karibu zaidi.

Kwa mwananchi, kinga ya kwanza ni kuuliza. Aliyekamatwa aulize ni kwa kosa gani na chini ya sheria ipi, na aombe kupelekwa kituo cha polisi. Kwa makosa yasiyo na adhabu ya kifo, aliyekamatwa bila hati anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuwaona wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao huduma yao hailipiwi.

Akilipa faini, adai stakabadhi ya Serikali. Fedha iliyopokewa bila stakabadhi haiwezi kuitwa faini, na ofisi iliyoipokea inapaswa kueleza ni kitu gani.