Malezi na Fimbo (Sehemu ya Nne): Mtoto Mdogo na Hatari

Mjadala wa viboko, unaorejea magazetini kila inaporipotiwa kwamba mtoto ameumizwa kwa kuadhibiwa, huishia shuleni, ilhali mtoto wa miaka miwili au mitatu huchapwa nyumbani kwa sababu inayoonekana njema kuliko zote: ajiepushe na moto, kisima au gari. Kabla ya kumrudia mtoto huyo, inafaa kutazama fimbo ilivyopata hadhi yake.

Kuchapa kulikuwapo kabla ya wakoloni, lakini ni utawala wa Wajerumani uliokufanya kuwa utaratibu wa serikali. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya tarehe 22 Aprili 1896 ilikataza kuwachapa wanawake, Waarabu na Wahindi, ikaruhusu mwanamume Mwafrika apigwe kiboko, yaani mjeledi wa ngozi ya mnyama huyo, hadi mara 25 kwa mkupuo mmoja, adhabu ambayo watu waliiita hamsa ishirini. Amri hiyo hiyo iliagiza kwamba wavulana walio chini ya miaka 16 wachapwe ufito tu. Hata mtawala katili namna ile alitambua kwamba mtoto si mtu mzima, na ni aibu kwamba zipo nyumba ambazo leo hazitambui hilo.

Kanuni za shule za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakwenda mbali zaidi, kwani haihalalishi kumrudi mtoto ambaye kwa uchanga wake hawezi kuelewa kusudi la adhabu. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: mtoto wa miaka miwili au mitatu anaweza kuunganisha maumivu na aliyempiga, si na jiko, hivyo akamwogopa mama na kulisogelea jiko mama akitoka. Uchambuzi wa Gershoff na Grogan-Kaylor wa mwaka 2016, uliojumlisha tafiti za watoto zaidi ya 160,000, haukuona kwamba kuchapa kunaboresha tabia, bali uliona kunaambatana na ukali na matatizo ya afya ya akili.

Hatari hizo zinahitaji kinga badala ya fimbo, hasa mahali kama Zegereni ya Kibaha, iliyotengwa kuwa eneo la viwanda, kwani malori huandamana na viwanda. Wazazi wa huko wajenge ua, wainue majiko, wafunike visima, wamshike mtoto mkono barabarani na kumkariria neno lile lile fupi la onyo, nao viongozi wa mtaa walisemee jambo hili mikutanoni.