Ukoo wa Seli na Kirusi Kichukuzi: Suala la Istilahi

Machi 2021 Kenya ilipokea shehena yake ya kwanza ya chanjo ya AstraZeneca dhidi ya UVIKO-19. Kiini cha chanjo hiyo ni kirusi cha sokwe kilichokuzwa katika seli za binadamu. Makala haya yanajadili istilahi tatu za fani hiyo, nayo yashikilia kwamba istilahi iteuliwe kwa kuangalia kazi ya kitu chenyewe.

Ya kwanza ni ukoo wa seli. Seli za kawaida zitolewazo mwilini hugawanyika kwa muda, kisha hukoma. Mwaka 1973, mjini Leiden, Uholanzi, Frank Graham alitia vipande vya DNA ya adenovirusi katika seli za figo ya kijusi cha binadamu. Jaribio lake la 293 lilizaa seli zisizokoma kugawanyika, nazo zikapewa nambari hiyo kuwa jina. Kuziita "mstari wa seli" hakumwambii msikilizaji lolote. Ukoo humwambia mambo mawili: asili moja na urithi.

Urithi huo ndio unaotuleta kwenye istilahi ya pili. Kirusi cha chanjo huondolewa jeni iitwayo E1, ili kisizaane katika mwili wa mchanjwa, kikapachikwa jeni nyingine cha kuibeba. Kikiingia katika seli za 293 hupata humo E1 iliyorithiwa na ukoo mzima, kikazaana. Neno "vekta" limekwisha kutumika kwa mbu aenezaye malaria, hivyo laweza kuzua hofu. Yafaa tuseme kirusi kichukuzi: neno limefuata mchukuzi, abebaye mzigo usio wake, ila limeingizwa katika ngeli ya KI-VI kupatana na kirusi.

Ya tatu ni ukuzaji wa kuelea. Kwa tabia yao seli hizi hushikamana na sakafu ya chombo, na mavuno hufungwa na upana wa sakafu hiyo. Wataalamu walizizoeza kuishi zikielea katika majilishe yasiyo na ute wa damu na yenye kalisi chache, ili zisigandamane, huku yakikorogwa na kutiwa oksijeni. Hapo mavuno hufuata ujazo wa tangi, hata lita elfu moja na zaidi. Atakayesema seli "zinaning'inia" atapotosha, kwani kinachoning'inia kimeshikwa na kitu juu yake.

Katika nchi nyingi watu waliuliza kama chanjo hii ina kijusi ndani yake. Jibu ni kwamba seli ni shamba na kirusi ni mavuno: baada ya kuvunwa, kirusi husafishwa, DNA ya seli hukatwakatwa kwa vimeng'enya, na mabaki yake hupimwa. Hata hivyo asili ya shamba haikanushiki, na mwenye kuuliza ana haki ya kuijua. Neno ukoo hubeba kweli zote mbili: mjukuu si babu yake, wala hawezi kumkana.