Kabureta Inayovuja: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Mpya

Mwenye pikipiki ya zamani akikuta doa la petroli chini ya injini asubuhi, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Hufunga koki kila anapoegesha na kuendelea na kazi, au hununua kabureta mpya. Njia ya kwanza huacha tatizo palepale. Ya pili hugharimu pesa, na baada ya majuma machache kabureta mpya nayo huanza kuvuja kwa sababu chanzo kilikuwa kwenye tangi. Makala haya yanaeleza kwa nini kabureta huvuja, jinsi ya kutafuta chanzo hatua kwa hatua, na wakati wa kumwachia fundi.

Tunachukua mfano wa Honda CG125, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1976. Pikipiki nyingi za bodaboda zilizoundwa China zina injini iliyofuata muundo wake, kwa hivyo maelezo haya yanamfaa pia mhudumu wa bodaboda.

Hatari iko wapi?

Tone moja kila sekunde ni matone 3,600 kwa saa. Pikipiki ikilala saa 10 ikidondoka hivyo, inaweza kupoteza zaidi ya nusu lita. Hasara hiyo ni ndogo ukilinganisha na hatari ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kukusanyika mahali pa chini. Wananchi wengi hulaza pikipiki ndani ya nyumba kwa kuhofia wezi. Jiko la makaa, kibatari au mshumaa ulio chumba cha pili unaweza kuuwasha mvuke huo hata kama petroli yenyewe iko mbali na moto.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Petroli inayofurika inaweza kupita kwenye injini na kuchanganyika na oili. Oili ikiwa nyepesi hailindi tena vyuma vinavyosuguana, na injini huharibika mapema.

Kabureta inavyofanya kazi

Petroli hushuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake, hupita kwenye koki na mpira, kisha huingia katika kikombe kilicho chini ya kabureta. Ndani ya kikombe kuna boya, ambalo mafundi huliita floti. Petroli inapojaa, boya huelea na kuisukuma sindano ndogo ambayo huziba tundu la kuingizia. Injini inapotumia petroli, boya hushuka na tundu hufunguka tena.

Sindano isipoziba vizuri, petroli huendelea kuingia hadi ifurike. Mrija wa kufurikia huitoa nje ili isiingie yote kwenye injini. Kwa hivyo petroli ikitoka kwenye mrija huo, usiuzibe. Mrija unafanya kazi yake, na ukiuziba petroli itaelekea kwenye injini.

Anza hapa, kabla ya kufungua chochote

Fanyia kazi nje, mbali na jiko, sigara na moto wowote. Zima swichi na uache injini ipoe. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, kwa maana ikilalia stendi ya pembeni boya huinama na petroli inaweza kufurika hata kama hakuna ubovu. Futa kabureta yote ikauke, fungua koki, kisha tazama unyevu unaanzia wapi.

1. Unyevu ukianzia kwenye koki yenyewe, au ukiendelea kutoka hapo hata baada ya kufunga, raba ya ndani ya koki imechakaa. Kabureta haina kosa.

2. Ukianzia pale mpira unapoingia kwenye kabureta, kagua mpira. Mpira wa zamani hukauka na kupasuka ncha. Ubadilishe kwa mpira wa petroli. Mpira wa maji hauwezi kustahimili petroli.

3. Ukianzia kwenye kiungo cha kikombe, gasketi imechoka au skrubu zimelegea. Kaza kwa kiasi, kwa sababu mwili wa kabureta ni aluminiamu na nyuzi zake hukatika upesi.

4. Petroli ikitoka kwenye mrija wa chini, hakikisha kwanza kwamba skrubu ya kumwagia imekazwa. Ikiwa imekazwa, tatizo liko kwa sindano, boya au mrija wa kufurikia.

Uchafu ndio mshukiwa wa kwanza

Gonga kikombe polepole kwa mpini wa bisibisi. Uvujaji ukikoma, huenda chembe ya uchafu ilikuwa imenasa kwenye tundu la sindano au boya lilikuwa limekwama. Hiyo ni dalili, si tiba.

Funga koki, kisha mwaga petroli ya kikombe kwenye chupa safi ya kioo na uiache itulie. Maji hukaa chini na petroli juu. Chenga za rangi ya kahawia ni kutu ya tangi. Ukiona kutu, kusafisha kabureta pekee ni kazi bure. Tangi lisafishwe, chujio la koki lioshwe, na chujio dogo liwekwe kwenye mpira. Hapa ndipo kabureta mpya nyingi huharibikia: zinafungwa chini ya tangi lile lile chafu.

Ukiifungua kabureta

Ng'oa pini ya boya kwa upole. Nguzo zinazoishika ni nyembamba, na ukipiga kwa nyundo zinaweza kuvunjika. Hapo ndipo utalazimika kweli kununua kabureta nyingine.

Tazama ncha ya sindano kwenye mwangaza. Ikiwa na mstari uliochimbika kuizunguka, imeisha, badilisha. Usiinoe kwa tupa wala msasa. Tundu lake lisafishwe kwa kitambaa laini kilichoviringishwa kwenye kijiti, wala si kwa waya.

Kisha tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia kitu kikichezacheza ndani, limetoboka na kuingiza petroli. Boya zito halielei, hivyo haliwezi kuifunga sindano. Badilisha boya la plastiki. La shaba linaweza kuzibwa kwa risasi ya kulehemu, lakini mwachie fundi anayejua kuondoa petroli yote kwanza, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Kagua pia mrija uliosimama ndani ya kikombe. Ukiwa na ufa, utavuja hata kama sindano na boya ni vizima. Jaza petroli kwenye kikombe peke yake, chini kidogo ya mdomo wa mrija, ukiwa umefunga skrubu ya kumwagia. Ikidondoka, umepata mwizi.

Mwisho ni kimo cha boya. Ulimi mdogo unaogusa sindano ukipinda kidogo tu, kiwango cha petroli hubadilika. Kimo hupimwa kwa milimita, na kila aina ya kabureta ina kipimo chake katika kitabu cha pikipiki. Usikisie, wala usichukue kipimo cha pikipiki ya jirani.

Usipige kiki kabla ya kupima oili

Ikiwa petroli ilifurika usiku kucha, chomoa kijiti cha kupimia oili. Kama kiwango kimepanda kupita alama ya juu, au oili inanuka petroli, usiwashe injini. Rekebisha uvujaji kwanza, mwaga oili yote, kisha weka mpya. Oili chafu isimwagwe mtaroni wala shambani. Iweke kwenye mtungi na uipeleke kwenye gereji inayoipokea.

Ukihisi kiki imegoma kabisa kushuka, usiilazimishe. Huenda petroli imejaa juu ya pistoni, na kimiminika hakishindiliki kama hewa. Kulazimisha kunaweza kupinda vyuma vya ndani. Pikipiki zinazochanganya oili na petroli, kama Yamaha DT175, nazo zinaweza kujaa petroli kwenye sehemu ya chini ya injini. Hiyo ni kazi ya fundi.

Baada ya kufunga kila kitu, weka kipande cha katoni chini ya kabureta, fungua koki na usubiri dakika 10 kabla ya kuwasha. Katoni ikibaki kavu, kazi imekamilika.

Ikitokea moto

Usimwage maji kwenye petroli inayowaka, kwani maji huisambaza. Tumia mchanga au kizima moto cha unga, na ukiona moto unakuzidi, ondoka na uwatoe wengine. Piga 999 au 112. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kisha apelekwe hospitalini. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga.

Huduma za kuzima moto na za vyuo vya ufundi vya vijijini zimewekwa chini ya serikali za kaunti na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Mwananchi ambaye hana uhakika na kazi hii ampelekee fundi aliyefunzwa, na amwombe amwonyeshe sindano na boya vilivyotolewa kabla ya kulipia kabureta nzima. Hadi itengenezwe, funga koki kila unapoegesha na usiilaze pikipiki hiyo ndani ya nyumba watu wanamolala.