Tanakali za Sauti na Milango ya Fahamu katika Ngano za Watoto: Mfano wa Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Makala haya yanafafanua jinsi tanakali za sauti zinavyomfikishia ngano mtoto ambaye baadhi ya milango yake ya fahamu ina upungufu, au ni myepesi kupita kiasi.

Istilahi yenyewe inapotosha kidogo. Pe, katika “nyeupe pe”, haiigi sauti yoyote. Inamhusu mwenye kuona. Tuchukue mfano wa Kigoma na Ujiji, ambako dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, kisha huanikwa juani. Fanani anaweza kusimulia kwamba giza lilikuwa totoro, wavu ukatumbukia chubwi, na mvuvi akalowa chapachapa. Totoro huelekezwa kwa jicho, chubwi kwa sikio, chapachapa kwa ngozi. Kwa mtoto asiyeona, fanani hutegemea zaidi hizi mbili za mwisho, na humpa dagaa mkavu amguse na kumnusa.

Mtoto anayeudhiwa na kelele naye hahitaji kutengwa. Chubwi yaweza kunong’onwa, “Paukwa!” yaweza kutamkwa polepole, na “Pakawa!” ikajibiwa kwa ishara ya mkono.

Kwa hiyo, mhariri wa kitabu cha kiada anayefuta tanakali kwa kuziona kuwa pambo tu, hapunguzi urembo wa ngano pekee. Anamnyima mtoto huyo sehemu ya maana yenyewe.