Uskauti Ndani ya Darasa

Wako wazee wenzetu ambao, wamwonapo mtoto amefunga skafu ya skauti shingoni, husema kwamba masomo yameachwa na mchezo umeshika mahali pake. Hofu hiyo twaielewa, maana mtihani hauulizi fundo la kamba. Lakini twawaomba wasomaji watufuate kwa fikira hadi Shirimatunda, katika mji wa Moshi.

Mwalimu wa hapo na awatoe wanafunzi uwanjani, awape dira, awaulize: Kibla ni upande gani? Kutoka Moshi ni kaskazini, kukiinama mashariki kwa kiasi cha digrii 5 na nusu. Na Kibo, chenye meta 5,895, kimesimama karibu upande huo huo. Kisha na wasimike fimbo ya meta 1. Ikiwa kivuli chake ni nusu meta, na kivuli cha mti ni meta 4, basi mti una meta 8, wala hakuna aliyeupanda. Na kivuli hicho ndicho walichokipima wazee wetu kuijua alasiri: kilingane na urefu wa kitu, baada ya kuongezwa kile kivuli cha adhuhuri. Hapo hesabu, jiografia na fiqhi zimekutana katika fimbo moja!

Lililo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni vile vikundi. Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko jirani, Nyeri, tangu 1941, alipopiga kambi na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, aliwagawa katika vikundi vinne, kila kimoja na kiongozi wake mtoto. Darasa likijaa, mwalimu mmoja hawezi kumfikia yule aketiye nyuma, ambaye hajui wala hathubutu kuuliza. Mbele ya wenzake sita atauliza. Zamu yake ya kuongoza ikifika, itambidi ajue. Mtoto huyu ndiye tunayemwombea nafasi.

Sare si sharti la somo hili. Mwalimu anayeanza kwa kudai fedha za nguo ameanza mkiani. Nasi wazazi tuna haki ya kumwuliza mazoezi yatakwisha saa ngapi, kwani alasiri watoto wetu wanangojewa chuoni.