Kukausha au Kukomaza? Istilahi za Ukarabati wa Bafu

Tumezoea kujadili istilahi za sheria, uchumi na sayansi. Safari hii tumeona vema tuingie bafuni, kwa kuwa huko nako neno likikosewa hasara yake huonekana kwa macho.

Tuchukue mfano wa mtumishi anayehamia nyumba ya zege ya zamani katika mji wa Ngara au wa Biharamulo, mkoani Kagera, mkoa ambao hadi mwaka 1979 uliitwa Ziwa Magharibi. Bafu ni dogo, lipu imevimba, sakafu ina nyufa, na maji hutuama pembeni. Fedha za kumlipa fundi hana; basi ameamua kuifanya kazi mwenyewe kwa kufuata maelezo yaliyotafsiriwa. Hapo mfasiri amekabidhiwa amana.

Kwanza yafaa maneno yanayochanganywa kila siku yatenganishwe. Saruji ni unga wenyewe, ambao wengi huuita simenti. Maneno yote mawili yanakubalika, ila katika andiko moja litumike moja tu. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Mchanganyiko usio na kokoto, ukipakwa ukutani, ni lipu. Aandikaye "paka zege ukutani" amemtuma msomaji kazi isiyowezekana. Kigae, ambacho asili yake ni kipande cha chungu kilichovunjika, sasa ni pia kibamba cha kupamba ukuta au sakafu. Mafundi wengi hukiita marumaru, ijapokuwa marumaru hasa ni jiwe la asili.

Kazi yenyewe huanza kwa kuugonga ukuta kwa nyundo nyepesi. Palipo na sauti ya uvungu, lipu imeachana na ukuta, nayo haina budi kubanduliwa kwa tindo. Nondo ikionekana ina kutu, isuguliwe kwa brashi ya waya, maana kutu hutanuka na kulipasua zege. Kisha ukuta ulowanishwe, ndipo ipigwe lipu mpya ya sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 4 za mchanga. Sakafu nayo ipewe mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji.

Hapa ndipo penye neno lililotusukuma kuandika makala haya. Maelezo ya Kiingereza huagiza hatua inayofuata kwa kitenzi kile kile kitumikacho kwa kumponya mgonjwa na kwa kuhifadhi nyama kwa chumvi. Sisi wenyewe tuliwahi kukifasiri "kausha". Msomaji wetu alitii: alifungua dirisha, akauachia upepo wa kiangazi. Baada ya siku chache sakafu mpya ilijaa nyufa. Kosa lilikuwa letu, si lake.

Saruji haiwi ngumu kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji kikemia. Maji yakiondoka mapema, muungano huo hukatika kabla haujatimia. Katika wilaya hizi, miezi ya kiangazi ya Juni hadi Agosti huzidisha hatari hiyo.

Je, tuseme nini? "Kuponya" hakuelezi jambo. Mafundi husema "kumwagilia", neno zuri, lakini lataja njia moja tu, hali kufunika kwa magunia yaliyolowanishwa au kwa karatasi ya nailoni nako hufaa. Tunapendekeza "kukomaza". Mkulima wa migomba anajua kwamba mkungu hukomaa kwa kupewa muda, wala haukomai kwa kunyimwa maji. Kukomaza saruji, basi, ni kuitunza ikiwa na unyevu kwa siku zisizopungua 7. Vigae vibandikwe baadaye.

Mfasiri wa maelezo ya ufundi asiishie kwenye kamusi. Kabla ya kuandika kitenzi, amwulize fundi ni nini hasa kinachotendeka, kwa kuwa atakayelipia kosa ni mtu mwingine.